Mahadhi ya Jina: Superman, Takhmisa na Kiu ya Masikio

Filamu ya Superman iliyoongozwa na James Gunn ilitoka Julai 2025, lakini ugomvi juu ya muziki wake uliitangulia kwa miezi saba. Ulianza Desemba 2024, siku kilipoonyeshwa kionjo cha kwanza, kipande kifupi ambamo mahadhi ya John Williams, yale ya filamu ya 1978, yalisikika yakipigwa kwa gitaa la umeme. Mashabiki waligawanyika kwa masikio kabla ya kugawanyika kwa jambo jingine lolote. Wako waliotokwa na machozi ya furaha, kama mtu aliyesikia sauti ya marehemu babu yake ikiita kutoka chumba cha pili. Wako waliokereka: mahadhi yale, walisema, yalizaliwa kwa matarumbeta, na kuyapigia gitaa ni kumvua mfalme joho na kumvisha suruali ya mtaani. Kundi la tatu lilikuwa na msiba wake. Hao walikwisha kuupenda muziki wa Hans Zimmer katika Man of Steel ya 2013, na baadhi yao walizichukua picha mpya wakazipachikia muziki huo wa Zimmer, ili walimwengu wasikie kilichotupwa.

Lipo na kundi la nne, dogo, lisilopiga kelele nyingi. Hilo linauliza: kwa nini kuazima? John Murphy na David Fleming, waliotunga muziki wa filamu hii, ni watunzi kamili. Kwa nini shujaa aliyezaliwa upya aingie uwanjani kwa mahadhi ya zamani?

Mimi si mwanamuziki. Nimeufuatilia ugomvi huu kwa jicho la mtu wa mashairi, na kadiri nilivyoufuatilia ndivyo nilivyozidi kuona kuwa ni ugomvi wa nyumbani kwetu. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha sheria za kutunga kilichotoka 1954, alishikilia kwamba shairi ni wimbo, na kwamba shairi lisiloimbika halina maana. Miaka ishirini baadaye Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, na waliompinga wakasema tungo zake hazina vina wala mizani, hivyo haziimbiki. Shabiki wa leo anayetoka sinema akisema "muziki ulikuwa mkubwa, lakini sikumbuki hata kipande kimoja" anasimama palepale aliposimama Sheikh Amri. Tunaweza kumpinga, lakini tusijifanye hatumfahamu.

Naomba nianze kwa kupanga maneno, maana nusu ya ugomvi huu unatokana na upungufu wa maneno. Neno "sauti" tumelibebesha mizigo mingi mno. Ni sauti ya mwimbaji, ni sauti ya spika, ni kila noti peke yake, na tena ni ladha yote ya muziki kwa jumla. Mtu akisema "siipendi sauti ya filamu hii", hatujui amekasirikia nini. Lakini Kiswahili hakikupungukiwa. Tunalo neno mlio, ambalo linatosha kabisa kwa ile hali inayotufanya tulitambue tarumbeta kuwa tarumbeta na fidla kuwa fidla hata zinapopiga noti ileile. Tuna mdundo, na kila aliyewahi kucheza ngoma anaujua. Na tunayo mahadhi, njia ya sauti inayopanda na kushuka, ile tunayoifuata tunapoghani, inayobaki kichwani baada ya maneno kusahauliwa. Ukiyatenga haya matatu, utaona mara moja kwamba waliolikataa gitaa wanalalamikia mlio, wafuasi wa Zimmer wanalilia mdundo zaidi ya kitu kingine, na wale wachache wanaouliza kwa nini kuazima wanazungumza juu ya mahadhi. Wote wanatumia neno moja na kila mmoja anadhani mwenzake ni kiziwi.

Sasa tuyatazame hayo mahadhi ya 1978. Inasimuliwa kwamba Richard Donner, mwongozaji wa filamu ile, aliposikia London Symphony Orchestra ikiyapiga kwa mara ya kwanza, alishindwa kujizuia. Aliingilia kati kazi ya kurekodi huku akipaza sauti kwamba muziki unalitamka jina la shujaa. Huenda simulizi imeongezwa chumvi kwa kurudiwa, kama simulizi zote nzuri, lakini sikio linaithibitisha. Katika mahadhi yale zimo noti tatu zinazorudi tena na tena, na kwa Kiingereza jina la shujaa lina silabi tatu. Noti zinalikaa jina kama nguo iliyopimwa na fundi. Hakuna kwaya inayoimba wala neno linalosemwa, na bado msikilizaji analisikia jina. Mtoto asiyejua Kiingereza hata kidogo analisikia.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo lote. Shabiki anayelalamika kwamba filamu ya shujaa haina mahadhi hadai ukale, wala hadai okestra. Anadai jina la shujaa lisikike. Anataka kile ambacho katika fasihi yetu tunakiita tondozi au kivugo, sifa ya mtu iliyofungwa katika mapigo yake maalumu, ambayo ikisikika kwa mbali watu wanajua ni nani anayekuja kabla ya kumwona. Shujaa bila kivugo ni mtu mwenye nguvu tu, na watu wenye nguvu wako wengi.

Waliokasirikia gitaa la umeme nina neno nao, na ni fupi. Muziki wa Williams wa Superman uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar na haukushinda. Tuzo ya mwaka ule alipewa Giorgio Moroder kwa Midnight Express, muziki uliotungwa kwa vinanda vya umeme. Yaani umeme na okestra walishindana tangu siku ile ya kwanza, na waamuzi wakauchagua umeme. Leo hakuna mpita njia anayekuimbia Midnight Express, lakini Superman wanakuimbia wengi, jambo linaloonyesha kwamba mlio haukuwa ndio uamuzi. Shairi halibadiliki kuwa jingine kwa sababu mghani wa Lamu ameliachia mghani wa Tanga.

Hans Zimmer ni habari nyingine, na nataka kumtendea haki, kwa sababu mwaka 2013 hakutendewa. Alipewa kazi ya kumtungia Superman akijua kuwa mahadhi ya Williams yanamsubiri mlangoni kama mwenye nyumba. Hakuyagusa. Alianza kwa noti chache za piano, nyepesi, karibu za mtoto anayejifunza, kisha akayajenga taratibu mpaka yakawa wimbi. Aliwakusanya wapiga ngoma mashuhuri chumba kimoja, akiwemo Sheila E. na Jason Bonham, wakapiga pamoja. Akatumia magitaa manane yale ya kulazwa, ambayo Wamarekani wanayahusisha na muziki wa kantri, ili kumpa shujaa huyu harufu ya Kansas alikolelewa. Ilikuwa kazi ya fikra. Hata hivyo, wengi walilaani: kelele tupu, walisema, ngoma tupu, yako wapi mahadhi? Miaka kumi na miwili baadaye, mdundo uleule uliolaaniwa ukaliliwa. Wengi waliomlilia walikuwa watoto 2013, na kwao Superman hakuwahi kuwa na jina jingine.

Naona hapa somo dogo kwa sisi tunaopenda kusema kwamba vizuri ni vile vya zamani. Sikio hushika lililotangulia kuingia. Lakini naona pia kwamba Zimmer, pamoja na ustadi wake, alimtungia shujaa hali ya moyo badala ya jina. Muziki wake unatuambia Superman anavyojisikia: mpweke, mwenye shaka, anayepanda kuelekea kitu asichokijua. Hautuambii ni nani. Ukimpigia mtu asiyeijua filamu, atakuambia "anakuja mtu mkubwa", na huo ndio mwisho wa habari atakayokupa.

Kosa si la Zimmer peke yake. Kwa miaka mingi filamu za mashujaa ziliacha kutoa majina. Mwaka 2016 watengenezaji wa mfululizo wa video uitwao Every Frame a Painting walitoa makala iliyopata umaarufu mkubwa. Humo waliwaomba wapita njia waimbe mahadhi ya Star Wars, ya James Bond na ya Harry Potter, wakaimba bila shida. Kisha wakawaomba waimbe mahadhi yoyote ya filamu za Marvel. Kimya. Watu wanacheka kwa aibu, wanatazama juu, hawana kitu. Baadhi ya watetezi wa Marvel waliijibu makala ile wakikumbusha mahadhi ya Alan Silvestri katika The Avengers ya 2012, na mimi nawaunga mkono, maana yale yanaimbika. Lakini moja kati ya filamu zaidi ya kumi ni mavuno duni.

Makala ile ilieleza sababu moja ambayo kila mtunga mashairi aliyewahi kutungiwa masharti ataitambua. Mhariri wa filamu anapokata picha, muziki wake haujatungwa bado, kwa hiyo anaweka muziki wa filamu nyingine kwa muda, muziki wa kushikizia. Mwongozaji anautazama na kuusikia kwa majuma, mwishowe anauzoea. Mtunzi anapofika anaambiwa atunge kitu kinachofanana na hicho, ila kisiwe hicho. Filamu inayofuata inashikizwa kwa muziki uliotoka katika mfano huo. Baada ya kizazi kimoja mfano unafuata mfano wa mfano. Mashindano ya mashairi yanayotaka kila mwaka tarbia ya beti saba juu ya umoja na amani yanazaa kitu kilekile. Vina vimekamilika, mizani imetimia, na hakuna anayekumbuka mshororo mmoja akifika nyumbani.

Sasa mtu aliyelishwa chakula hicho kwa miaka, ghafla Desemba 2024 anazisikia zile noti tatu. Unashangaa kwamba alilia? Mimi sishangai. Kilio kile kilikuwa cha kiu kuliko cha mapenzi kwa Williams.

Nirudi kwa wale wanaouliza kwa nini kuazima, maana swali lao ndilo zito, na ushairi wetu unacho chombo cha kulipima. Tunakiita takhmisa. Mshairi anauchukua ubeti wa mwenzake aliyemtangulia, wenye mishororo miwili, na mbele yake anatunga mishororo mitatu ya kwake, ubeti ukawa wa mitano. Vina vya mishororo mipya lazima vifungamane na ule wa kale. Kwa hiyo ubeti wa kale unakuja mwisho, kama jibu la swali ambalo mshairi mpya ndiye aliyeuliza. Takhmisa haiitwi wizi. Ni heshima, na tena ni mtihani, kwa sababu mishororo yako inakaa ana kwa ana na ya bingwa, na msomaji anaona tofauti bila kuambiwa.

Takhmisa iliyo maarufu kuliko zote kwetu ni ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yuleyule wa Al-Inkishafi. Na tazama ni beti za nani alizozichukua! Fumo Liyongo ni shujaa hasa wa aina hii tunayoizungumzia. Ana nguvu zisizo za kibinadamu, ana udhaifu mmoja tu mwilini, kitovu, na silaha moja tu inayomweza, sindano ya shaba. Waliobuni Superman na jiwe lake la kijani hawakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Isitoshe, katika utenzi wa Muhammad Kijumwa wa 1913, Liyongo anaokolewa gerezani na muziki. Mama yake anamtumia tupa iliyofichwa ndani ya mkate, na ngoma ya gungu inapokolea nje, kelele za wachezaji zinaufunika mlio wa tupa ikikata minyororo. Sijui filamu yoyote ya shujaa ambayo muziki wake umefanya kazi nzito kama ile.

Tukiupima muziki wa Superman wa 2025 kwa kipimo cha takhmisa, tunauliza maswali mawili. Je, mishororo mipya inafungamana na ya kale? Na je, ina uzito wake yenyewe?

Kwa la kwanza najibu ndiyo, na hapa ninawapinga wenye chuki na gitaa. Mwaka 1978 mahadhi yale yalipigwa kwa uhakika wa mtu asiyejua kushindwa. Katika kionjo cha Gunn, shujaa anaanguka thelujini akivuja damu, anampigia mbwa wake mluzi amsaidie. Kumpigia shujaa huyo matarumbeta yenye uhakika kungekuwa uongo. Gitaa limeyachukua mahadhi yaleyale likayapa shaka kidogo, ujana kidogo, na vina vikaungana. Wengine walifanya vibaya zaidi kwa mahadhi hayohayo. Mwaka 2006, katika Superman Returns, John Ottman aliyarudisha kwa uaminifu mkubwa, hata huoni alichoongeza. Mwaka 2017, katika Justice League, Danny Elfman aliyatia kwa kupita, yakiwa yamepindwa na kutiwa giza, na wengi hawakuyatambua. Wa kwanza alinakili na wa pili alidokeza. Murphy na Fleming angalau wametunga.

Kwa la pili najibu kwa masikitiko. Nimeusikiliza muziki wa filamu hii mara kadhaa peke yake, bila picha, na kila mara kinachobaki ni kile cha kuazimwa. Vipande vyao vyenyewe vina nguvu pale vinapopigwa, vinakimbia, vinameta, kisha vinapita. James Gunn ana desturi nzuri ya kutungisha muziki kabla ya kupiga picha, alivyofanya tangu Guardians of the Galaxy ya 2014, ili waigizaji wausikie wakiwa kazini. Desturi hiyo inaikwepa ile hatari ya muziki wa kushikizia niliyoieleza, na ningetarajia ilete mishororo mitatu ya kukumbukwa. Imeleta mishororo mitatu inayompisha mgeni kwa adabu. Huo ni upungufu, na mashabiki waliofurahi hawana sababu ya kukasirika ukitajwa. Mtu anaweza kulia kwa furaha na bado akajua ni nani aliyemliza.

Mtu ataniambia kwamba jina jipya haliwezekani tena, kwamba mahadhi yote mazuri yamekwisha kutungwa. Namjibu kwa Black Panther ya 2018. Ludwig Göransson, Msweden, alipopewa kazi hiyo na Ryan Coogler hakukaa studio akasubiri muziki wa kushikizia. Alikwenda Senegal akafuatana na Baaba Maal katika safari ya maonyesho. Baadaye alikwenda Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki wa Afrika iliyoasisiwa na Hugh Tracey mwaka 1954, ambamo zimo, pamoja na mengine, sauti zilizorekodiwa Tanganyika mwaka 1950. Huko Senegal alikutana na Massamba Diop, bingwa wa tama, ile ngoma ndogo ya kubana kwapani ambayo mpigaji akiminya kamba zake sauti hupanda na kushuka. Na tama ile ndiyo iliyolitamka jina la T'Challa. Kila shujaa anapoingia, ngoma inamwita. Kwa adui yake, Killmonger, mpiga filimbi wa Kifula, Amadou Ba, alisimuliwa habari za mhusika huyo, akaanza kupuliza huku akisema na kupiga mayowe ndani ya filimbi yake. Majina mawili, milio miwili, na Oscar mwaka 2019.

Nakaa kidogo hapa, kwa sababu lipo jambo la lugha ambalo mijadala mingi ya mashabiki imelipita. Watu husema ngoma inaweza kusema kwa sababu lugha za Afrika zina toni. Ngoma inaiga kupanda na kushuka kwa toni, na msikilizaji anayajaza maneno. Hilo ni kweli kwa Kiyoruba na ngoma zake. Lakini Kiwolofu hakina toni. Kifula, lugha ya Baaba Maal, nacho hakina. Lugha hizi mbili hutajwa mara kwa mara pamoja na Kiswahili katika orodha fupi ya lugha za jamii kubwa ya Niger-Kongo zilizopoteza toni. Na bado wapiga ngoma wa Kiwolofu wana vifungu vya mapigo vinavyotokana na semi, na wasikilizaji wao wanavitambua. Ngoma yao inasema kwa urefu na ufupi wa silabi, kwa mkazo na kwa mpangilio wa mapigo, mambo ambayo sisi tunayaita mizani. Kwa hiyo yule anayesema Kiswahili hakiwezi kutamkwa na ngoma kwa sababu hakina toni ajue kwamba majirani zetu katika ukosefu huo wanaitamkisha ngoma kila siku. Tuna mkazo usiokosea, katika silabi ya pili kutoka mwisho, na tuna sikio lililozoea kuhesabu mizani. Tunakosa mtunzi tu.

Nina nung'uniko moja kuhusu Wakanda, na naliweka hapa ili nisionekane ninasifu tu. Katika filamu hizo nchi ile imewekwa Afrika Mashariki, kaskazini karibu na Ziwa Turkana. Lugha yake ni Kixhosa kutoka kusini kabisa, na ngoma yake ni ya Senegal, magharibi kabisa. Kabila la milimani linaitwa Jabari, neno tunalolijua sisi wote, na hicho ndicho karibu chote tulichopewa. Najua ni nchi ya kubuni na mbunaji ana uhuru wake. Lakini sanduku la Tracey lilikuwa wazi, na sauti za 1950 zilikuwa humo ndani.

Wala sisemi kila muziki wa filamu lazima uimbike. Hildur Guðnadóttir alimtungia Joker wa 2019 muziki wa chelo, fidla kubwa ya kukalia, unaokokota na kuugua kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Hauimbiki, na ulistahili tuzo yake. Lakini Joker si shujaa. Ni mtu anayelipoteza jina lake mbele ya macho yetu, na mtunzi aliona kwamba mtu wa namna hiyo hatungiwi kivugo. Wanaoutaja muziki ule kama ushahidi kwamba mashujaa nao hawahitaji mahadhi wameuchukua ugonjwa wakaufanya dawa.

Watu wa pwani wana uzoefu mrefu wa kuuliza filamu imetuachia mahadhi gani. Kwa miaka mingi filamu za Kihindi zilipoonyeshwa Mombasa, Lamu na Unguja, mahadhi yake hayakuishia ukumbini. Yalitoka na watu, yakafika kwenye baraza na harusini, yakatungiwa maneno ya Kiswahili. Juma Bhalo wa Mombasa alijulikana sana kwa nyimbo za taarabu zenye mahadhi ya Kihindi, na Ahmad Nassir Juma Bhalo, jamaa yake, mwenye Malenga wa Mvita, alikuwa miongoni mwa waliomtungia maneno. Wapo waliolaumu, wakasema huu ni uvivu, tutunge mahadhi yetu, na lawama yao ilikuwa na haki yake. Lakini kipimo walichokitumia wasikilizaji wale kilikuwa kikali kuliko cha jopo lolote la tuzo: mahadhi yasiyoweza kubeba ubeti wa Kiswahili yaliachwa palepale kwenye kiti.

Nimejaribu kipimo hicho kwa muziki wa mashujaa. Zimmer wa Man of Steel habebi ubeti. Unapoanza mshororo wa pili ngoma zimekumeza. Silvestri anabeba utenzi, kwa taabu kidogo. Göransson anabeba, ila anataka kiitikio cha watu wengi. Williams anabeba vizuri kuliko wote, na gitaa la Murphy limemfanya abebe vizuri zaidi, kwa sababu limepunguza mwendo na kuuachia ulimi nafasi. Tatizo liko kwenye jina lenyewe. Kwa Kiingereza ni silabi tatu kwa noti tatu. Kinywa cha Mswahili kinataka irabu mwishoni, Su-pa-ma-ni, mizani nne, na mkazo unahamia kwenye "ma". Anayetaka kuimba ama aimeze silabi moja, kama wafanyavyo vijana, ama aongeze noti ya nne. Mimi nimeongeza, na nimeiweka chini kidogo ya ile ya tatu.